Kilo Zinazotaka Kurudi

Nilipokuwa na kilo 112 hakuna mtu hata mmoja aliyeniuliza kama naumwa. Nilikuwa nahema nikipanda kwenye kichwa cha lori, nakoroma mpaka utingo wangu akahamia kulala chini ya trela, na miguu ilikufa ganzi kila usiku. Lakini nikishuka Mailimoja pale Kibaha napokelewa kwa shangwe: "Bosi! Maisha yamekukubali!" Kitambi kilinitangulia, heshima ikafuata. Niliposhuka hadi kilo 84, presha ikatulia na ganzi ikaniachia, ndipo watu wakaanza kunionea huruma. Muuza vipuri niliyemzoea miaka mingi alinivuta kando akaninong'oneza kwamba anamjua mzee mmoja wa Mkuranga anayetibu maradhi ya kutupiwa.

Nalisema hili mwanzo kwa sababu wanaume wakitaka kujua habari zangu huniuliza swali moja tu: ulipunguaje? Nawajibu, lakini hapo sipo penye kazi. Nimewaona wengi wakipungua. Madereva wenzangu wameacha soda, wamekunywa ndimu na tangawizi, wamekimbia alfajiri mpaka magoti yakavimba, na mkanda ukarudi matundu mawili. Ukikutana nao mwaka unaofuata wamerudi walikotoka, tena na nyongeza. Ugumu uko baada ya sifa kwisha, wakati hakuna tena wa kukwambia hongera na mwili wenyewe unadai kilo zake. Ushuhuda wangu ni wa miaka hiyo.

Mimi ni dereva wa semitrela. Napakia Dar es Salaam, nashusha Tunduma, mara nyingine navuka Zambia mpaka Ndola. Nyumbani kwangu ni Kibaha, maeneo ya Tumbi; kwetu hasa, aliko mama na yalipo makaburi ya wazee, ni Maneromango wilayani Kisarawe. Ukiijua barabara ya Morogoro unakijua chakula changu cha zamani. Asubuhi supu na chapati tatu Chalinze. Mchana sahani ya wali nyama Ruaha Mbuyuni, mlima wa wali, nyama juu. Usiku chipsi mayai na mishkaki Makambako. Katikati ya hapo soda na vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu, ili nisisinzie. Soda moja ya mililita 350 ina gramu 35 za sukari au zaidi, na mimi sikuwahi kuishia chupa moja. Kazi yenyewe ni ya kukaa. Unaweza kutoka pwani mpaka mpakani, zaidi ya kilomita 900, na miguu yako isifanye kingine ila kukanyaga mafuta, klachi na breki.

Mwaka 2018 mwajiri alitaka vipimo vya afya kabla ya kutuongezea mikataba. Sukari kabla ya kula ilisoma 14.6. Presha 178 kwa 110. Daktari aliandika kwa muda mrefu bila kuinua kichwa, kisha akaniuliza nina watoto wangapi na wana umri gani. Nilimwelewa.

Kupungua kwenyewe nitakupitia haraka. Dawa nilimeza kama nilivyoelekezwa. Soda na vinywaji vya kopo niliviacha siku ileile. Wanga ulibaki robo ya sahani, nusu ikawa mboga za majani, robo iliyobaki maharage, samaki au dagaa. Kila nilipopaki nikawa natembea. Ilichukua mwaka mmoja na ushei, na kilo 28 zikaondoka.

Kilichonishangaza ni njaa iliyokuja baadaye. Ile ya wiki za mwanzo inauma, lakini unaizoea. Hii ya pili ilinijia nikiwa nimeshafika 84, tena nimeshiba. Usiku mmoja nimelala Makambako, baridi ya huko unaijua, nimekula vizuri saa moja jioni. Saa sita naamka mate yamenijaa mdomoni, nawaza mishkaki. Vibanda vyote vimefungwa. Nikakaa mbele ya usukani gizani, nimeshika tumbo, siwezi kulala wala siwezi kujieleza. Hali ile haikuwa ya usiku mmoja. Iliendelea miezi, na kila nikipita kwenye jiko la mkaa lenye kuku nilihisi mtu ananisukuma mgongoni.

Nilimweleza afisa lishe wa kliniki yetu ya kisukari, binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema: "Baba, mwili wako haujui kwamba umepungua kwa hiari. Unadhani kuna njaa imeingia, na unakutafutia chakula."

Binti yangu anayesoma uuguzi ndiye aliyenitafutia ushahidi na kunisomea jioni moja barazani. Kule Melbourne, Australia, watafiti waliwachukua watu wanene 50, wakawapunguza uzito kwa lishe kali ya wiki 10, kisha wakaendelea kuwapima damu. Mwaka mzima baadaye grelini, homoni inayoleta njaa, ilikuwa bado juu kuliko ilivyokuwa kabla ya kupungua, na leptini, inayouambia ubongo kwamba akiba ya mafuta ipo, ilikuwa bado chini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Marekani nako, mwaka 2016, Kevin Hall na wenzake walikadiria kwamba kwa kila kilo unayoipoteza mwili hupunguza matumizi yake kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, huku hamu ya kula ikipanda kwa kalori kama 100. Nilimwambia arudie hapo. Akarudia. Hall huyohuyo aliwafuatilia washiriki 14 wa shindano la kupunguza uzito la televisheni ya kwao, na miaka 6 baada ya shindano miili yao ilikuwa inatumia karibu kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotegemewa kwa watu wa ukubwa wao. Kilo nyingi walizozipoteza mbele ya kamera zilikuwa zimesharudi.

Nilishusha pumzi. Mtaani kwetu anayerudi kunenepa huitwa mlafi au mtu asiye na msimamo, naye mwenyewe huamini hivyo, akajificha, akaacha hata kwenda kliniki kwa aibu. Wanaume ndio tunaoongoza kwa kujificha. Kama kuna kitu kimoja ningependa kila mwanaume aliyepungua akijue, ni hiki: ile njaa ya mwaka wa pili haitokani na udhaifu wake. Ni mwili unaofanya kazi yake kwa uaminifu, kazi iliyowaokoa babu zetu miaka ya ukame. Ukishalijua hilo unaacha kujilaumu na unaanza kujipanga.

Sasa twende Kisarawe, maana huko ndiko nilikokutana na mtihani mkubwa kuliko wa Makambako.

Nilikuwa sijaenda kwa mama muda mrefu, safari zilibana. Nikapita Mlandizi, nikashika njia ya Mzenga kwa bodaboda, kiangazi, vumbi jekundu limenijaa mpaka kope. Mama alikuwa uani anamenya muhogo. Hakupokea salamu yangu. Aliinuka, akanishika mkono, akauzungushia vidole viwili juu kidogo ya kiganja kama anayepima, akaviona vinakaribiana. Akanyamaza. Kisha akasema polepole, "Mwanangu, usinifiche. Mimi ndiye niliyekuzaa."

Mtu wa umri wa mama akimwona mwanaume aliyekonda ana picha moja tu kichwani. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waligundulika Kagera mwaka 1983, na dawa za kurefusha maisha hazikuanza kutolewa bure kwa mpango wa taifa mpaka 2004. Miaka hiyo yote ishirini na moja katikati, kukonda kulikuwa ni barua ya kifo. Mama alimzika mdogo wake katika miaka hiyo. Alimwogesha, alimlisha uji kwa kijiko, alimwona akiisha siku hadi siku. Ningewezaje kumwambia asiogope?

Alichinja kuku. Akapika bada, ugali wetu wa muhogo, na kisamvu kilichoungwa kwa nazi nzito, akamtuma mjukuu dukani kufuata soda mbili za baba. Nilikula kisamvu, nikala kuku, bada nikamega kiasi cha ngumi. Soda sikuzigusa. Mama akaanza kulia, kilio cha chini kwa chini, khanga mdomoni, na dada zangu wakatoka nje wakatuacha.

Nilikuwa na kadi ya kliniki kwenye begi. Nikamwita mpwa wangu aisome kwa sauti, tarehe kwa tarehe. Mwaka 2018, kilo 112, sukari 14.6, presha 178 kwa 110. Akashuka nayo mstari kwa mstari mpaka wa mwisho: kilo 84, sukari 6.1, presha 128 kwa 82. Mama hajui kusoma, lakini hesabu anaijua, ameuza korosho maisha yake yote. Aliuliza kila namba maana yake nini. Halafu akauliza swali ambalo sijalisahau: "Kwa hiyo ulikuwa unaumwa wakati ule nilipokuwa nakusifu?"

"Ndiyo, mama."

Tangu siku hiyo mama ndiye mlinzi wangu Maneromango nzima. Ananipikia mboga kwanza. Mgeni akisema mwanao amekwisha, anamjibu kwamba mwanawe amepona. Sidhani kama ningefika hapa bila yeye, kwa sababu mtu anaweza kukataa chakula cha mgahawani miaka kumi, lakini chakula cha mama anayelia hakikataliki mara mbili.

Mke wangu naye alibeba lawama ambazo hazikuwa zake. Mwanaume wa pwani akikonda, wa kwanza kuulizwa ni mkewe. Mawifi zake walimwambia usoni kwamba ananinyima, majirani wa Tumbi wakasema pengine kuna mgogoro ndani. Alivumilia. Yeye ndiye aliyebadilisha sufuria ya nyumbani, wali ukawa wa sufuria ndogo na mchicha, matembele na bamia zikahamia kwenye sufuria kubwa, watoto wakazoea bila mkutano wala hotuba. Matumizi ya jikoni yalipungua, maana nyama ya kila siku, chipsi na soda ndivyo vilivyokuwa vinatumaliza.

Siku nikiwa nyumbani natembea alfajiri kupitia eneo la Shirika, wengi wetu tunaita hivyo Shirika la Elimu Kibaha. Kuna kivuli na hewa nzuri. Shirika lilianza kama mradi wa makubaliano ya mwaka 1963 kati ya Tanganyika na nchi nne za Nordiki, Denmark, Finland, Norway na Sweden, ukakabidhiwa kwa serikali yetu 1970, na ulikusudiwa kupambana na ujinga, umaskini na maradhi. Maradhi ya wakati ule yalikuwa ya watoto kukosa lishe. Kisukari kilikuwa bado nadra: mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake walichapisha utafiti wa vijiji sita vya Tanzania, watu zaidi ya 6,000, na wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika kila 100. Utafiti wa kitaifa wa 2012, uliopima watu wa miaka 25 hadi 64, ukakuta takriban 9 katika kila 100, na presha ya juu kwa karibu robo ya watu wazima. Najua vipimo na umri wa wapimwaji havikufanana. Hata hivyo ukikaa kwenye benchi la kliniki ya kisukari Jumatatu asubuhi, ukaona madereva, walimu na wafanyabiashara wa Mailimoja walivyojaa, hutahitaji takwimu.

Kutembea peke yangu kulinifikisha mbali, lakini hakukunidumisha. Kilichonidumisha ni wenzangu. Tuko kikundi cha mchakamchaka, wanaume watupu kwa bahati tu: madereva, bodaboda, mlinzi wa shule, fundi seremala, mwalimu mmoja mstaafu. Jumapili alfajiri tunaanzia Mailimoja tunaelekea Mkuza, anayekimbia anakimbia, anayetembea anatembea, na nyimbo zilezile za shuleni na za jeshini. Mkuza ndiko ziliko shule za Filbert Bayi, yule aliyeongoza mbio tangu mwanzo mpaka mwisho pale Christchurch mwaka 1974 akavunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Mwalimu wetu mstaafu alisikiliza mbio zile redioni akiwa kijana, na kila tukikaribia Mkuza anasimulia upya. Tunamwacha asimulie, inatufikisha.

Mwanaume hatasema "naogopa kisukari" kwenye kijiwe cha kahawa. Atasema akiwa anatembea, jasho linamtoka, anatazama mbele. Nimesikia kwenye barabara ya Mkuza mambo ambayo watu hawajawaambia wake zao: miguu isiyohisi, nguvu za kiume zilizopotea, hofu ya kukatwa kidole. Na tukikosana kwingine hatukosani kwenye mpira, kwa sababu nusu ni Simba na nusu ni Yanga, na aliyefungwa jana yake ndiye anayebeba maji. Uskoti walilitumia hilohilo kwa mpango rasmi. Wanaume 747 wa miaka 35 hadi 65, mashabiki wa vilabu 13 vya mpira, walishirikishwa. Nusu wakafundishwa lishe na mazoezi kwa wiki 12 kwenye viwanja vya timu zao wenyewe, nusu wakasubiri. Baada ya mwaka, waliofundishwa walikuwa wamepungua karibu kilo 5 zaidi ya wenzao. Miaka mitatu na nusu baadaye bado walikuwa chini ya uzito wao wa mwanzo kwa kilo karibu 3 kwa wastani. Kilo 3 zinaonekana chache kwa asiyejua. Mimi ninayejua zinavyotaka kurudi nazivulia kofia. Natamani siku moja Simba na Yanga waanzishe jambo kama hilo, maana hakuna mhubiri wa afya atakayekusanya wanaume wa nchi hii kama wao. Agizo la Desemba 2016 la Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi, lilikuwa zuri. Lakini mwanaume anakwenda palipo na wenzake.

Barabarani mambo ni tofauti, kikundi kinabaki Kibaha. Huko nina jiko dogo la gesi, sufuria moja na chombo cha maharage niliyochemshiwa nyumbani. Ruaha Mbuyuni nashuka kununua vitunguu na nyanya badala ya wali. Nikipaki popote, kabla sijala nazunguka gari mpaka mwili upate moto, nakagua matairi, namaliza nazunguka tena. Utingo wangu wa sasa alinicheka mwezi wa kwanza, siku hizi tunazunguka wote. Mwendo wa saa nzima kwa mtu wa kilo zangu unachoma kalori 300 hivi, na chapati moja iliyokolea mafuta inakaribia kuzirudisha zote. Ndiyo maana sidanganyiki kwamba mazoezi peke yake yatanilinda. Yanalinda pamoja na sahani.

Marekani kuna daftari la kitaifa lililoanzishwa 1994 na Rena Wing na James Hill, la watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka mmoja au zaidi. Walipoulizwa wanaishije, robo tatu walisema wanajipima angalau mara moja kwa wiki, na wengi sana wanafanya mazoezi ya karibu saa nzima kwa siku. Binti yangu aliponisomea nilicheka kwa furaha, kwa sababu ndicho nilichofikia mwenyewe bila kuambiwa. Mzani uko chumbani Tumbi. Nikiwa safarini napima kwa vijana wa mizani stendi, na tundu la mkanda halisemi uongo. Nimejiwekea mpaka: 87. Sisubiri 90. Siku mzani ukisoma 87 wanga wa usiku unaondoka, matembezi yanakuwa asubuhi na jioni, na mke wangu anajulishwa. Kilo tatu zinaondolewa kwa mwezi mmoja au miwili. Kilo kumi zinahitaji mwaka na moyo ambao mtu huenda asiupate mara ya pili. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki ukikiacha kijae hukibebi.

Niliwahi kuuvuka mpaka huo. Kaka yangu mkubwa alifariki kwa kiharusi, palepale Maneromango, asubuhi akienda shambani. Alikuwa mnene, mcheshi, hajawahi kupimwa presha maishani. Tulikaa msibani, kisha nikawa naenda na kurudi mpaka arobaini. Chakula cha msiba ni wali, na huwezi kukaa mkekani na waombolezaji ukaanza kuulizia mchicha. Zaidi ya chakula kulikuwa na huzuni, na mimi huzuni yangu inataka kitu kitamu. Niliporudi kwenye mzani ulisoma 91. Kikundi kizima kilikuja nyumbani, hawakusema lolote kuhusu kilo. Waliniambia tu kwamba Jumapili wananipitia mlangoni. Wakanipitia, na Jumapili zilizofuata pia. Yule mwalimu alikuwa anatembea nyuma kabisa nami, polepole, na hata hadithi ya Christchurch aliiacha. Kilo zile zilikaa karibu nusu mwaka kabla hazijaondoka.

Ramadhani nayo ni shule ya peke yake. Asiyejua anadhani mwezi wa kufunga unakondesha. Nyumba za pwani jioni ile kuna uji wa pilipili manga wenye sukari, tambi, kaimati, mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, na baada ya tarawehe kuna wali, kisha daku. Mwaka wa kwanza baada ya kupungua niliingia Ramadhani na 84, nikatoka na 88 nikiwa nimefunga mwezi mzima. Sasa kila Shaabani nakwenda kwa daktari kwanza, kwa sababu mwenye kisukari hapangi mwenyewe kufunga wala saa za dawa. Wapo anaowakataza kabisa, na hasa wanaotumia insulini. Mimi, ambaye kwa kisukari natumia vidonge vya metformini tu, ameniruhusu na kunipangia. Nafungua kwa tende na maji, naswali, kisha nachukua kimoja tu katika vile vya nazi, kipande cha muhogo au gimbi, na samaki. Uji bila sukari. Daku ni maharage na yai, naye mke wangu anaamka kula hichohicho pamoja nami. Kaimati nakula siku ya Idi, kwa furaha yote.

Kwa wanaouza chai za kupunguza tumbo na vidonge vya kusafisha mafuta pale stendi, nasema wazi: sijamwona dereva hata mmoja aliyebaki amepungua kwa hizo. Nimewaona waliokimbilia chooni njia nzima mpaka Morogoro. Wengine waliacha dawa za presha kwa kuambiwa kwamba ile chai inatosha, na mmoja wao hasemi vizuri tena mpaka leo.

Idi iliyopita nilitoka na 86. Daktari amenipunguzia kidonge kimoja cha presha na amesema tutaangalia tena vipimo vya miezi mitatu. Mama alinipigia simu juzi kuuliza namba; siku hizi hanisalimii kabla hajaiuliza. Nimemwambia 85 na nusu. Akaniuliza hiyo nusu inakwenda lini, nikamwambia nina safari ya Ndola, nikirudi nitampa jibu.